Likizo ya korona na vijana waliobaki peke yao

Makala hii imetokana na ujumbe mfupi wa simu. Mama mmoja wa Kasokola alituandikia baada ya kipindi cha asubuhi akieleza kuwa mwanawe wa miaka 15 akirudi shule anaingia chumbani na kuvuta komeo. Akiitwa kula anakuja, anakula, anarudi ndani. Mama aliuliza kama huo ni ugonjwa. Akaongeza jambo lililotufanya tuusome ujumbe wake mara mbili: kaka wa kijana huyo alianza hivyo hivyo wakati wa korona, na mpaka leo si mtu wa watu.

Tuliusoma ujumbe ule hewani, simu zikamiminika hadi muda ukatuishia. Wapo waliosema kijana anyang'anywe simu. Wapo waliosema apewe jembe. Mzee mmoja wa Kakese alisema aachwe, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hivyo ujanani na sasa ana wajukuu tisa. Hatukuweza kumjibu mama yule kwa dakika nne zilizobaki, tukaahidi kuandika. Tangu hapo tumemtembelea nyumbani, tumezungumza na kaka mtu, ambaye amekubali tueleze habari zake bila kumtaja, na tumesoma yale ambayo watafiti wamegundua kuhusu vijana balehe na kukaa peke yao.

Siku zile zilivyokwenda

Tukumbushane tarehe kwanza, maana tayari zimeanza kuchanganyika vichwani. Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona imekuwa janga la dunia. Siku tano baadaye, Machi 16, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza hapa nchini, Mtanzania aliyeingia kwa ndege kupitia Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake, Machi 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Vyuo vikafuata. Siku 30 zilipokaribia kwisha, likizo ikaongezwa bila kutajwa mwisho wake.

Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1. Wengine wote walirudi Juni 29. Ukihesabu kutoka siku ya tangazo ni siku 104. Kwa majirani zetu mambo yalikuwa marefu zaidi. Kenya ilifungua madarasa machache Oktoba 2020 na shule zote Januari 2021. Uganda ilifunga Machi 2020, na baadhi ya wanafunzi wake hawakuliona darasa kwa ukamilifu hadi Januari 10, 2022, karibu miaka miwili. Duniani kote, kwa hesabu ya UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya shule wakati mmoja. Jambo kama hilo halijawahi kutokea tangu shule zianze kuitwa shule.

Tanzania hatukufungiwa ndani. Masoko yaliendelea, mabasi yalitembea, misikiti na makanisa yalibaki wazi. Ndiyo maana ukimuuliza mtu mzima wa Kasokola kuhusu korona, anaweza kukwambia kwamba huku haikubadilisha kitu zaidi ya ndoo ya maji na sabuni mlangoni kwa duka. Muulize aliyekuwa na miaka 15 wakati ule. Kwa mtu mzima mambo yalikwenda. Kwa kijana, mahali pekee anapokutana na wenzake wa rika lake palifungwa kwa siku moja, wala hapakuwekwa kitu kingine badala yake.

Nyumbani kwa nani?

Tukiri jambo. Redioni kwetu siku zile tulirudia tangazo la "kaa nyumbani" mara nyingi kwa siku. Lilikuwa limeandikwa mjini na lilisikika hivyo: kijana amekaa kwenye kochi, anasoma kitabu, mama yuko jikoni. Hatukujiuliza nyumbani kunafananaje mwezi wa nne katika kata kama Kasokola, ambayo kwa jina ni ya Manispaa ya Mpanda lakini kwa maisha ni ya jembe.

Aprili na Mei mpunga unaiva, na mahindi yanakaribia kuvunwa. Kwelea kwelea hawana likizo. Shule zilipofungwa, familia nyingi zilipata ghafla walinzi wa shamba waliokuwa wakiwakosa kila mwaka. Kwa hiyo yule kaka mtu, aliyekuwa kidato cha pili, alipelekwa kuamia ndege kwenye shamba la familia upande wa Mwamkulu. Msikilizaji ambaye hajawahi kuamia ajue kazi ilivyo: unapanda kwenye dungu kabla jua halijachomoza, una kamba zilizofungwa makopo, una teo na mawe, na unakaa hapo mpaka ndege waende kulala. Huwezi kuondoka hata nusu saa. Kundi moja la kwelea likitua ukiwa hujaliona, mmeshapoteza debe.

Wiki ya kwanza aliipenda. Hakuna mwalimu, hakuna fimbo, hakuna mdogo wake anayemwuliza maswali. Alikuwa na daftari la kemia lililochanika jalada, akajikaririsha elementi 20 za kwanza hadi akaweza kuzitaja kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wiki ya tatu alianza kuongea na ndege. Anasema hivyo akicheka, lakini baadaye akaacha kucheka. Ilifika hatua akawa analala kibandani hukohuko ili asitembee usiku, na chakula kikawa kinaletwa mara moja kwa siku na mtu anayekiweka na kuondoka, maana naye ana kazi zake. Jumapili ya kwanza alitegemea mtu angekuja amwambie apumzike aende kanisani. Hakuja mtu. Jumapili ya pili hakutegemea tena.

Shule zilipofunguliwa alirudi akiwa na mgongo mpana na elementi zake 20. Mwalimu alipouliza swali hilohilo la elementi, alikuwa na jibu lote na mdomo haukufunguka. Hiyo ndiyo sentensi aliyotuambia, na tumeiandika karibu kama alivyoisema.

Sasa msikilize na msichana mmoja wa kata hiyohiyo, aliyekuwa kidato cha kwanza. Yeye hakukaa peke yake hata saa moja. Nyumbani walikuwa tisa. Alipika, alifua, alibeba mgongoni mtoto wa dada yake, alipeleka uji shambani. Mtu pekee wa umri wake aliyekuwa akimwona ni binti wa nyumba ya tatu, naye alipelekwa kwa shangazi yake Tabora mwezi wa nne. Anasema hajawahi kuwa mpweke kama miezi ile. Hedhi yake ya kwanza ilikuja kipindi hicho, na kati ya watu tisa hakumwona wa kumwambia. Faraja yake ilikuwa kuwahi bombani alfajiri kabla ya foleni, akae juu ya ndoo iliyofunikwa, asikilize maji tu. Mama yake alimgombeza kwa kuchelewa. Hakujua, na msichana hakusema, kwamba ile robo saa ndiyo ilikuwa yake.

Tumewaweka hawa wawili pamoja kwa makusudi. Mmoja alikuwa na muda mwingi mno wa kuwa peke yake, mwingine hakuwa nao kabisa, na wote wawili waliumia.

Faragha si upweke

Lugha yetu inajua tofauti hii vizuri kuliko tunavyoitumia. Faragha ni nafasi unayoipata ukiwa na wewe mwenyewe, tena kwa kupenda. Upweke ni kukosa mtu unapomhitaji, na unaweza kukupata katikati ya harusi. Ukiwa ni zaidi ya hapo: ni hali ya aliyeachwa. Tukisema "yule mtoto anakaa peke yake" tumeeleza alipo tu. Hatujaeleza yuko katika hali ipi kati ya hizo tatu.

Watafiti nao wamehangaika na tofauti hiyo kwa muda mrefu. Mmarekani Reed Larson aliwapa mamia ya wanafunzi, kuanzia darasa la tano hadi la tisa, vifaa vidogo vinavyolia mara kadhaa kwa siku, na kila kinapolia mwanafunzi aandike yuko wapi, na nani, anajisikiaje. Matokeo aliyochapisha mwaka 1997 yalionyesha kuwa kadiri mtoto anavyoingia ujanani ndivyo anavyotafuta zaidi kuwa peke yake. Wale wadogo hawakupata nafuu yoyote kwa kujitenga. Wale wakubwa kidogo walijisikia vizuri zaidi baada ya muda wa peke yao kuliko kabla yake. Na waliokuwa na muda wa wastani wa kuwa peke yao walikuwa na hali nzuri kuliko waliokaa sana peke yao, na pia kuliko waliokuwa hawakai kabisa. Yule msichana wa bombani angeweza kumwambia Larson hayo bila kifaa.

Wakati wa korona yenyewe, mwaka 2020, watafiti nchini Uingereza waliwauliza zaidi ya watu 2,000, kuanzia wa miaka 13 hadi wazee, waeleze muda wao wa kuwa peke yao. Tungetegemea vijana walalamike tu. Wengi hawakulalamika. Walizungumza juu ya kujifunza kitu kwa mikono yao, kumaliza kazi waliyoianza, kuchagua wenyewe cha kufanya bila kuangaliwa. Tukubali kwamba kijana wa kule alikuwa na chumba chake, umeme na intaneti. Hata hivyo neno "kuchagua" linatuhusu sana. Kijana wetu wa dungu wiki ya kwanza alichagua kukariri elementi. Wiki ya tano hakuwa na la kuchagua.

Utafiti wa tatu ni wa kuogofya kidogo. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari na wanasaikolojia walikusanya tafiti 63 zilizokwishafanywa miaka ya nyuma kuhusu watoto na vijana waliotengwa au waliojihisi wapweke. Waliona kuwa upweke unafuatana na sonona na wasiwasi, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye, na kwamba urefu wa upweke una uzito kuliko ukali wake. Kwa maneno ya huku kwetu, wiki moja ya machozi haimharibu kijana kama miezi mitatu ya kunyamaza. Ndiyo sababu hatukumcheka yule mama aliposema mwanawe mkubwa alianza wakati wa korona.

Rimu iliyonyamaza

Kitu kimoja vijana wote tuliozungumza nao walikitaja bila kuulizwa: siku zilipotea majina. Shuleni siku ina mifupa. Kuna rimu ya gari iliyotundikwa mtini, inagongwa saa moja na nusu, inagongwa saa nne, inagongwa kutoka. Kuna Jumatatu ya mstarini, Ijumaa ya usafi, mtihani wa katikati ya muhula. Rimu iliponyamaza, siku zikawa nyama bila mfupa. Mmoja alitwambia alikuwa akijua kuwa ni Ijumaa kwa kuona kanzu zinapita kwenda msikitini, na Jumapili kwa kusikia kwaya. Siku zilizobaki katikati ilikuwa ni siku moja iliyojirudia.

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Siku ile ikiwa inaendelea ni ndefu kupita kiasi, lakini ukiuangalia nyuma muda wote unaonekana mfupi, kama mkeka uliokunjwa. Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kuwa kumbukumbu hupima muda kwa mambo mapya yaliyotokea. Pasipo jipya, hakuna cha kushika. Kwa mtu wa miaka 50 miezi mitatu isiyo na alama ni hasara ndogo. Kwa wa miaka 14 ni kipindi ambacho sauti inavunjika, mwili unabadilika, na anatakiwa kujijua yeye ni nani kwa kujilinganisha na wenzake. Kijana hujifunza kucheka utani wa rika lake, kugombana na kupatana, kumwambia rafiki siri na kuona kama itatunzwa. Mambo hayo hayana daftari, huwezi kuyanakili kwa mwenzako ukirudi.

Redio ilisaidia? Serikali, kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, ilirusha masomo kwenye redio na televisheni ya TBC. Tunalipongeza jambo lile, na sisi watu wa redio tungependa kusema lilitosha. Lakini redio ya nyumbani ni ya baba, betri ni za baba, na saa ya somo la fizikia ndiyo saa ambayo mtoto yuko shambani. Hata aliyebahatika kusikiliza, redio haiulizwi swali. Simu kubwa nazo zilikuwa chache, na bando likipatikana linakwisha kwa video mbili. Waliokuwa na kitochi walitumiana meseji mpaka vocha ikaisha. Msichana wetu alituambia alikuwa na namba ya rafiki yake wa Tabora imeandikwa ukutani kwa mkaa, akisubiri kaka yake aweke salio. Ilikaa ukutani mpaka nyumba ilipopakwa chokaa.

Upweke wenye siri

Lipo jambo ambalo katika mkoa wetu huwezi kulipita ukizungumzia vijana walioachwa peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi ndiyo iliyoongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulitukuta tumeshuka hadi asilimia 34, bado juu ya wastani wa taifa wa asilimia 22. Kwa hiyo shule zilipofungwa, mkoa huu ulikuwa na sababu ya kuogopa kuliko mingine.

Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwafuatilia wasichana wa sekondari kabla na baada ya shule kufungwa. Waliopitia kufungwa kwa shule walikuwa katika hatari mara mbili ya kupata ujauzito kabla ya kumaliza sekondari, na hatari mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na waliowatangulia. Siaya kuna mahindi na ziwa, kuna bodaboda na minada, si mbali sana na maisha ya huku. Tusijidanganye kuwa yale yalikuwa ya Wakenya.

Na hapo upweke hubadilika sura. Msichana anayebeba jambo ambalo hawezi kulisema hatengwi na wengine mwanzoni, hujitenga mwenyewe. Anakaa nyuma ya nyumba, anajibu kwa kichwa, anaacha kwenda kwaya. Wakati ule alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza, kwa kuwa msichana aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Utaratibu huo ulibadilishwa Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kuwa walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wanaruhusiwa kurudi. Bado tunapata simu za wazazi wasiojua. Basi tunasema tena: anaruhusiwa. Nenda ukamwone mkuu wa shule.

Mwali hakuachwa peke yake

Mzee mmoja katika simu za siku ile alisema mbona zamani watoto walifungiwa ndani na hawakuugua. Alikuwa anakumbuka mila ya pwani, na kwa kuwa Mpanda ni mji wa watu wa kila kabila, swali lake lilistahili jibu. Ni kweli. Kwa Wazaramo na jirani zao wa pwani, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, na kukaa huko kungeweza kuchukua miezi, zamani hata zaidi ya mwaka. Hakutoka nje mchana, hakucheza na wenzake.

Lakini angalia walivyoipanga. Mwali alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke aliyepewa kazi ya kumwingilia, kumfunza, kumsikiliza na kumtania. Kukaa kwake ndani kulikuwa na jina, kulikuwa na sababu iliyojulikana na kijiji kizima, na kulikuwa na mwisho: siku ya kutoka, ngoma ikapigwa, akavikwa, akatazamwa kama mtu mpya. Hatusemi mila ile irudishwe. Ilimnyima msichana shule, na mara nyingi mlango wa kutokea ulikuwa mlango wa kuingia kwenye ndoa. Tunachosema ni kwamba wazee waliomtenga kijana walijua kuwa hawezi kutengwa hivihivi. Mwaka 2020 sisi tuliwatenga wetu bila somo, bila kusema ni mpaka lini, na Juni 29 hakuna aliyewapigia hata kopo. Walirudi darasani, wakaambiwa wafungue ukurasa walioishia Machi.

Mlango wa huyu wa sasa

Turudi kwa kijana wa miaka 15 anayevuta komeo. Tuliposimuliwa siku yake yote, tulitulia kidogo. Anakwenda shule. Anakula. Anacheza mpira Jumamosi, ingawa ni kipa, kazi ambayo nayo ni ya peke yake. Ana rafiki mmoja anayekuja kumwita kwa mluzi. Usiku analala. Kwa mtu wa umri huo, kupenda chumba si ugonjwa. Ni umri unamtaka awe na mahali pa kufikiri bila kutazamwa, na mama anayemfungulia mlango kwa nguvu anamfundisha kutafuta kichaka mbali zaidi.

Kingetutia wasiwasi kitu kingine. Kijana aliyekuwa na marafiki na sasa hana hata mmoja. Aliyependa mpira na sasa hauulizi. Asiyelala, au anayelala mchana kutwa. Anayeacha chakula, anayeshuka ghafla darasani, anayetoa vitu vyake na kuwagawia wengine, anayesema yeye ni mzigo. Mambo hayo yakiendelea kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke kituo cha afya, na ueleze kuwa ni hali ya akili na moyo, usiseme malaria kwa kuona aibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 70 ni kumi hao. Na kama unahofu kuwa anafikiria kujidhuru, muulize waziwazi. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Hakupandikizi, bali kunampa mahali pa kulitua. Usimwache peke yake siku hiyo. Ipo pia namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, ambayo mtoto mwenyewe au mzazi anaweza kupiga kutoka mtandao wowote bila salio.

Mama aliuliza kama aling'oe lile komeo. Tulimshauri aliache, awe anabisha hodi, na akifunguliwa asianze na "unafanya nini humu". Aingie na karanga.

Kwa huyo mkubwa hatukuwa na jibu la haraka, na tunaona si haki kujifanya tunalo. Kidato cha nne alimaliza, hakufaulu kuendelea. Sasa ana bodaboda, anabeba abiria kati ya Kasokola na Mpanda mjini, na wateja wake wanampenda kwa sababu hana maneno mengi. Tulimuuliza kama yeye ni mgonjwa. Akafikiri. Akasema hapana, alizoea tu, na mtu akishazoea kutosubiri wageni hawezi kuanza tena kuwasubiri kwa siku moja. Mama yake alikuwa amekaa pale. Habari za zile Jumapili mbili za shambani alikuwa hajawahi kuzisikia. Alimuuliza kwa nini hakusema, akajibiwa kwamba hakuulizwa.

Tulimwomba kijana aje studio azungumze na wenzake, akakataa. Ila alituambia kuwa kila Jumapili jioni humchukua mdogo wake wakaioshe pikipiki mtoni. Hawaongei sana, mmoja anashika ndoo, mwingine anashika brashi.